Kope za Mamkubwa, na kile kinafasi kati ya neva na msuli

Mimi ni fundi umeme, sio daktari, naanza na hilo ili mtu asije akanikaba huko mbele. Kazi yangu ni kupitisha waya kwenye nyumba za watu, kufunga breka, kutafuta shoti, na wakati mwingine kugombana na mwenye nyumba anayetaka soketi 6 zitoke kwenye waya mmoja mwembamba. Haya ninayoandika leo nimeyajua kwa sababu ya kope za mama mkubwa wangu, ndiye aliyenilea Muheza baada ya mama kufariki, na nyumbani wote tunamwita Mamkubwa.

Mamkubwa anauza maandazi. Toka nipate akili namkuta saa 10 usiku ameshainamia beseni anakanda unga, mikono ile ukishikwa nayo sikio hausahau. Sasa mwaka 2009 jicho lake la kulia likaanza vituko. Asubuhi yuko sawa kabisa, ikifika alasiri ukope unashuka kama pazia lililokatika kamba. Tukamtania kwamba anasinzia na wateja wamesimama. Baadaye na la kushoto likafuata. Akawa anaona vitu viwili viwili, anamrudishia mtu chenji huku amefumba jicho moja ili ajue sarafu ipi ni ya kweli. Kwenye chakula ndo ilikuwa mbaya zaidi, nyama anatafuna dakika mbili taya linagoma, inabidi alishikilie na kiganja kwa chini kama mtu anayewaza. Akiongea sana sauti inahamia puani. Afu analala, anaamka mzima! Hicho ndicho kilichotupoteza. Mtu ambaye jioni hawezi kufumbua macho na asubuhi anakanda unga kilo 5, kwa watu wengi ana mawili tu, anadeka au amerogwa.

Ikaamuliwa amerogwa. Na kwa vile wachawi hawaji na kitambulisho, akatafutwa mtu, akapatikana bibi mmoja jirani ambaye naye alikuwa anauza maandazi, kosa lake lingine silijui. Mbuzi akaondoka, hela ikaondoka, dawa za kufukiza zikafukizwa, na yule bibi watu wakaacha kununua kwake. Nilikuwa nimeshahamia Dar wakati huo, nilituma na mimi mchango wangu wa huyo mbuzi, sijifichi.

Halafu akapata homa. Akapelekwa mahali kutibiwa, sitapataja, akaambiwa malaria, akatundikiwa dripu ya kwinini kama ilivyokuwa kawaida enzi hizo. Usiku ule pumzi nusura ikatike. Kichwa hakikai shingoni, mate hayamezeki, anahema kwa juu juu. Dawa ikaachishwa, baada ya siku kadhaa akarudi kidogo kidogo, tukampakia kwenye basi tukamleta Dar. Baadaye nilikuja kuelewa kwamba kwinini ni moja ya dawa ambazo mtu mwenye tatizo kama lake anatakiwa akae nazo mbali, ila pale hakuna aliyejua ana tatizo gani, kwa hiyo wa kumlaumu simuoni, labda sote.

Daktari wa Dar alikuwa kijana, nadhani nimemzidi umri. Akampa shikamoo, akamwambia, "Mama, hebu angalia dari bila kushusha macho mpaka nikwambie." Tukasubiri. Haikufika dakika moja, kope zikaanza kushuka polepole, zote mbili, Mamkubwa anakaza mpaka paji la uso limejikunja lakini wapi. Daktari akanigeukia, "Kaka, nitafutie barafu nje hapo." Nikadhani ana kiu.

Nje kulikuwa na mtoto anauza barafu za kwenye vifuko, zile za ukwaju, ya maji matupu hakuna. Nikaja nayo ya ukwaju hivyo hivyo. Daktari akaizungushia shashi, akaiweka juu ya jicho la kulia, la kushoto akaliacha. Akaangalia saa. Dakika mbili. Alipoitoa, jamani, jicho la kulia likafunguka! Lipo wazi, limekaa sawa, na la kushoto bado limelala vilevile. Mamkubwa akanitazama kwa hilo moja, maji ya barafu yanamtiririka shavuni, akasema, "Mwanangu, mbona umekonda hivyo?"

Nililia pale, niseme ukweli. Ila akili ya ufundi nayo haikuniacha. Barafu inafungua jicho? Kwa njia gani? Daktari akatuambia ugonjwa unaitwa miasthenia gravisi, afu akasema sentensi moja ambayo ndiyo imenifanya niandike yote haya: "Mshipa wa fahamu wa mama ni mzima, msuli wake ni mzima, tatizo lipo hapo katikati."

Sasa kwangu mimi katikati ya waya na taa hakuna kitu. Waya unaingia kwenye holda, skrubu inakazwa, kwisha. Kama waya mzima na taa nzima, basi kuna joint imelegea, unaikaza. Nilikuwa najua neva, ndio huo mshipa wa fahamu, ni waya wa mwili, kila mtu si anasema hivyo, kwa hiyo nikamuuliza kama hiyo joint inaweza kukazwa kwa operesheni. Akacheka kidogo, akasema hakuna joint, hazigusani.

Hazigusani! Hapo ndo nikaanza kusoma, kwanza kwenye simu usiku, baadaye vitabu vya kuazima. Neva inapofika kwenye msuli inaishia hewani, ingawa sio hewa, ni majimaji, inaacha nafasi ya kama nanomita 50. Ukipanga nafasi kama hizo 2000 pamoja ndo unapata unene wa karatasi ya daftari. Kwenye ubongo, seli ya neva kwa seli ya neva, nafasi ni nyembamba zaidi, kama nanomita 20, na ubongo wa binadamu una seli za neva zipatazo bilioni 86, kila moja ikiongea na nyingine nyingi. Makutano hayo ndiyo yanaitwa sinapsi, jina alilipa Mwingereza Charles Sherrington mwaka 1897 kutoka Kigiriki, na alilipa jina kabla hajaliona, maana hadubini za wakati ule hazikuwa na uwezo wa kuonyesha hiyo nafasi. Iliyoionyesha ni hadubini ya elektroni, miaka ya 1950.

Na usidhani walikubaliana kirahisi. Kulikuwa na Mwitaliano Camillo Golgi aliyegundua namna ya kupaka seli za neva rangi kwa madini ya fedha zikaonekana vizuri, akashikilia kwamba zote zimeungana kama wavu mmoja. Mhispania Santiago Ramón y Cajal akachukua rangi ileile ya Golgi, akachora maelfu ya picha, akasema hapana, kila seli inajitegemea. Mwaka 1906 wakapewa Nobeli pamoja, na Golgi kwenye hotuba yake ya kupokea zawadi akatumia nafasi hiyo kuipinga hoja ambayo mwenzake ndio kwanza anapewa heshima kwayo. Cajal ndiye aliyekuwa sahihi. Mchoro wa saketi bwana, unaweza kuchorwa vibaya na mtu mwenye kalamu bora.

Haya, kama hazigusani, ujumbe unavukaje? Fundi yeyote atasema cheche inaruka. Ndivyo wengi walivyodhani, kwamba umeme unaruka ile nafasi. Umeme wa kwenye neva upo kweli, sio mfano tu, seli ikiwa imetulia ndani yake kuna tofauti ya kama milivolti 70 na nje, tesita yangu hata haiwezi kuinusa, na ujumbe ukipita sodiamu inaingia kwa ndani mfululizo kama watu wanavyopasiana tofali. Ila ukifika mwisho wa neva umeme huo unaishia palepale. Hauvuki.

Aliyeonyesha hilo ni Mjerumani Otto Loewi, alikuwa anafundisha Graz huko Austria, na kisa chake nakipenda mno. Aliota ndoto ya jaribio usiku, akaamka akaandika kwenye kikaratasi akalala tena, asubuhi maandishi hayasomeki hata mwenyewe hajui kaandika nini. Siku nzima anahangaika. Usiku wa pili saa 9 ndoto ikarudi, safari hii hakuandika, akavaa akaenda maabara. Akachukua mioyo miwili ya chura, akaiweka kwenye maji ya chumvichumvi ambamo inaendelea kudunda. Ule wa kwanza akauacha na neva yake, akaitekenya kwa umeme, moyo ukapunguza kasi kama ilivyotegemewa. Halafu akachota yale maji ulipokuwa unaogelea, akayamwagia ule moyo wa pili ambao hauna waya wowote uliounganishwa. Na wenyewe ukapunguza kasi! Kwa hiyo kuna kitu kilitoka kwenye neva kikaingia kwenye maji. Alichapisha matokeo 1921, na hicho kitu kikaja kujulikana kuwa ni asetilikolini, ambayo Mwingereza Henry Dale alikuwa ameichunguza kabla. Wakagawana Nobeli 1936. Miaka miwili baadaye Wanazi wakaingia Austria, wakamfunga Loewi kwa Uyahudi wake, na hawakumwachia atoke nchini mpaka alipohamisha ile hela ya Nobeli kutoka benki ya Stockholm kwenda benki waliyokuwa wanaishika wao.

Hata hivyo watu wa cheche hawakunyoosha mikono. Walisema sawa, moyo wa chura ni mambo ya polepole, lakini neva kwa neva ndani ya uti wa mgongo lazima iwe umeme, kemikali itachelewa. Kinara wao alikuwa John Eccles, na mwaka 1951 huko New Zealand yeye mwenyewe na wenzake wakachomeka kisindano chembamba cha kioo ndani ya seli ya neva, wakaona kitu ambacho kwa hesabu yake ya umeme kisingewezekana, ujumbe wa kuzuia ukifika volti ya ndani ya seli inashuka chini badala ya kupanda. Akakubali ameshindwa, akahamia upande wa wapinzani wake, na akaja kupata Nobeli 1963. Mimi nina mafundi wenzangu ambao wamefunga breka kinyume mwaka wa nane huu na hawakubali. (Watu wa cheche nao hawakukosea moja kwa moja, 1959 zikapatikana sinapsi chache kwa kamba wa mtoni ambazo umeme unapita kweli, na sisi pia tunazo baadhi.)

Nilivyoelewa mpaka hapo nikaacha kufikiria joint nikaanza kufikiria kontakta. Anayefunga mota za pampu anajua. Umeme mdogo unaingia kwenye koili, unaishia humo humo, unageuka kuwa sumaku, sumaku inavuta chuma, chuma kinafunga njia nyingine kabisa yenye umeme wake. Umeme wa koili haufiki kwenye mota hata siku moja. Sinapsi ni hivyo, ila mahali pa sumaku pana kemikali. Umeme ukifika mwisho wa neva unafungua milango ya kalsiamu, kalsiamu inaingia, na humo ndani kuna vifuko vidogo vimejipanga vimejaa asetilikolini, kila kimoja maelfu ya molekuli. Kalsiamu ikigusa, vifuko vinajibandika ukutani na kupasukia nje. Bernard Katz na wenzake kule London ndio walioonyesha kwamba inatoka kwa vifungu hivyo, haimwagiki tu kama maji ya bomba, ni kama unauza sukari kwa pakiti, unauza pakiti moja au mia ila nusu pakiti hakuna. Kemikali inavuka ile nafasi, inakaa kwenye vipokezi upande wa msuli, milango mingine inafunguka, sodiamu inaingia, umeme mpya unazaliwa huko, msuli unajikunja. Kule kuvuka kwenyewe kunachukua kama elfu moja ya sekunde hivi. Kontakta yangu haijamaliza hata kulia tak.

Sasa kwa Mamkubwa kilichoharibika ni vipokezi. Kinga yake ya mwili imetengeneza kingamwili, zile silaha za kupigana na vijidudu, ambazo zinavishambulia vyenyewe. Hili lilijulikana 1973, na lilijulikana kwa njia ambazo ungesema ni mambo ya mganga. Watafiti wa Marekani walichukua sumu ya nyoka wa Asia ambayo inang'ang'ania kwenye vipokezi hivyo, wakaitia alama, wakaitumia kuhesabu vipokezi kwenye misuli ya wagonjwa, wakakuta vimebaki kati ya asilimia 11 na 30 ya mtu mzima wa afya. Mwaka huohuo wengine walitoa vipokezi kutoka kwa samaki wa umeme, yule wa mito ya Amerika ya Kusini, wakawachoma sungura sindano yake ili watengeneze kingamwili, na sungura wakalegea kama Mamkubwa kwenye dripu. Sungura amelegezwa na samaki wa umeme, usiku ule nilisoma hiyo mara mbili.

Na asubuhi kuwa mzima kunaeleweka sasa. Neva ikitumwa mfululizo, kila mara inatoa vifuko pungufu kidogo. Mimi na wewe hatuoni, kwa sababu tuna ziada kubwa, ni kama waya wa milimita 4 unalisha balbu moja. Mwenye vipokezi vichache hana ziada, kwa hiyo kila anavyotafuna, kila anavyokaza kope, ujumbe unazidi kukaribia chini ya kiwango, mwisho hautoshi, msuli unabaki umekaa unasubiri. Akipumzika, stoo inajaa tena. Kope ndio kazi kubwa kuliko tunavyodhani, zinashikiliwa juu siku nzima, kwa hiyo zinakuwa za kwanza kukata tamaa.

Na barafu? Hapa ndo patamu. Kwenye ile nafasi kuna kimeng'enya kinachofanya usafi, kazi yake ni kuivunja asetilikolini haraka mara tu ikishatoa ujumbe. Bila hicho msuli ungejikunja usiachie. Lakini kwa mtu mwenye vipokezi vichache, huyo mfagizi ni mharaka mno, anafagia kabla ujumbe haujampata mtu wa kuupokea. Baridi inampunguza kasi. Basi. Barafu ya ukwaju ya mtoto wa nje ilimpoza mfagizi wa jicho la kulia kwa dakika kadhaa, asetilikolini ikakaa kidogo zaidi, ikapata kipokezi.

Vidonge alivyoandikiwa, piridostigmini, vinafanya hivyohivyo bila kulowesha shavu, vinamzuia mfagizi. Kuna na dawa nyingine ya kuituliza kinga yenyewe, ila hii ya kwanza ndiyo unayoiona ikifanya kazi kwa macho yako. Na asili ya dawa za ukoo huo ndiyo iliyonimaliza kabisa. Huko Calabar, kusini mashariki mwa Nigeria, Waefik walikuwa na maharage yanaitwa esere. Mtu akituhumiwa uchawi anayameza, akitapika akapona hana hatia, akifa alikuwa mchawi. Mwaka 1855 profesa wa Edinburgh, Robert Christison, akala kipande mwenyewe aone, akazidiwa, akaokolewa na kunywa maji aliyotoka kunyolea ndevu ili atapike. Kutoka kwenye maharage hayo ikapatikana fizostigmini. Na mwaka 1934 daktari mmoja wa hospitali ya Greenwich, Mary Walker, akiona wagonjwa wa miasthenia wanafanana na watu waliolishwa kurare, ile sumu ya mishale ya Amerika ya Kusini, na akijua fizostigmini inapunguza nguvu ya kurare, akamchoma sindano yake mgonjwa wake mama wa miaka 56. Kope zikapanda. Akaandika barua fupi kwenye jarida la Lancet.

Yaani maharage ya kupimia wachawi ndiyo yaliyofungua njia ya dawa ya ugonjwa ambao sisi tulimtafutia mchawi. Nilipomsimulia Mamkubwa alinyamaza muda mrefu. Wiki ile akafunga maandazi kumi kwenye gazeti na doti ya kanga, akaenda kwa yule bibi. Sijui waliongea nini, alikaa huko mpaka magharibi na mimi sikuulizwa kuwepo.

Nigusie kitu kimoja kabla sijasahau, kwa ndugu zangu wanaolima nyanya na mboga. Zile dawa za kupulizia wadudu za kundi la oganofosfeti zinampiga mfagizi huyuhuyu, wa mdudu na wa kwako, na zenyewe hazimzuii kwa masaa kama kidonge cha Mamkubwa, zinamfunga kweli. Ndo maana mtu akipuliza bila kujikinga anaanza kutoka mate, machozi, jasho, tumbo linakata, mboni za macho zinakuwa kama tundu la sindano, misuli inacheza yenyewe, na pumzi ikifuata ni hatari. Hospitali wana dawa yake, inaitwa atropini. Maziwa sio dawa, mkimbizeni mtu hospitali na chupa ya dawa aliyopulizia mkononi. Hata Mamkubwa akizidisha vidonge tumbo linamsokota na mate yanamjaa, ni mlango uleule.

Mwezi uliopita nilikuwa Muheza, nililala pale. Saa 10 kasoro usiku nikasikia kiti. Amewasha ile balbu niliyomfungia jikoni mwenyewe, beseni la unga lipo mapajani, maji na hamira vishaingia, lakini hakandi. Ameshameza kidonge, anakisubiri, huwa kinachukua kama nusu saa. Nikamwambia, shikamoo Mamkubwa, nikusaidie? "Marahaba, kalale, bado hakijafika." Akaendelea kukaa, uso ameuinua, anaitazama balbu, kope zinashuka anazirudisha, zinashuka anazirudisha. Nikasimama mlangoni. Baada ya muda zikapanda zikakaa. Akaitazama balbu kidogo tena, kama anahesabu, halafu akaingiza mikono yote miwili kwenye unga.